Diploma ya usanifu wa mitambo na majengo imegeuka diploma ya kubofya AutoCAD

Wakuu, uzi huu ni wa wakuu wa idara na walimu wa uchoraji wa mashine na majengo. Najua wengine mmo humu mnasoma kimyakimya. Someni basi.

Mzazi analipa ada kuanzia NTA level 4 mpaka 6 (ngazi za vyuo vya ufundi hadi diploma), miaka 3. Kijana anatoka anazijua TRIM na OFFSET (amri za AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta) akiwa usingizini, ila mpe fundi wa lathi, mashine ya kukereza chuma, mchoro wake uone. Fundi anaugeuza mara mbili, anauliza: "Sasa hapa nitengeneze nini?" Na kijana hana kosa, ndivyo alivyofundishwa.

Tuanze na shafti, yaani mhimili unaozunguka wa mashine, maana ndiyo mnayoipenda kwenye mitihani. Shafti inabeba beringi 6205: tundu mm 25, nje mm 52, upana mm 15. Mchoro wa mwanafunzi umeandikwa 25, basi. 25 ipi? Fundi akitoa 24.95, beringi inaingia kwa kidole, kila mtu anafurahi. Mashine ikiwashwa, ringi ya ndani inaanza kuteleza juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo. Shafti inalika, inapata rangi ya kutu, halafu lawama anabebeshwa muuza duka kwamba kauza beringi feki. Fundi akitoa 25.05, beringi haiingii bila nyundo, na nyundo ikitua kwenye ringi ya nje, gololi zinaacha vishimo kwenye njia yake kabla mashine haijawashwa hata siku moja. Kilichotakiwa kuandikwa ni tolerensi, yaani mipaka ya kipimo kinachokubalika: 25k6, yaani kati ya 25.002 na 25.015, na kwenye nyumba ya beringi (tundu inamokaa) 52H7, kati ya 52.000 na 52.030. Herufi moja na tarakimu moja. Mwaka mzima wa masomo hamkupata nafasi ya kulisema hilo?

Kuna na kona ya bega, pale shafti inaponenepa na beringi inapoegemea. Beringi hiyo kona yake imeviringwa kuanzia mm 1, kwa hiyo mviringo wa kona ya shafti lazima uwe chini ya hapo. Wanafunzi wanaweka R2 (mviringo wa nusu kipenyo mm 2) kwa sababu wameambiwa kona kubwa inapunguza mkazo. Kweli inapunguza, lakini beringi haifiki begani, inapanda juu ya mviringo na kukaa upande. Na njia ya kii (mfereji wa kipande cha chuma kinachofunga gia au puli kwenye shafti) kwenye shafti ya 25 ni upana mm 8, kina mm 4. Iko kwenye jedwali. Wanakadiria kwa macho.

Halafu mtuambie karakana zenu zina nini. Tofauti kati ya mipaka ya 25k6 ni mm 0.013. Kalipa ya vernia inasoma 0.02. Chuo chenye vernia peke yake hakiwezi hata kukagua kitu kinachodai kufundisha. Na msinunue maikromita ya 0–25 mkadhani mmemaliza, shafti ya 25.01 inataka ile ya 25–50.

Mionekano nayo ni vurugu. Darasani mnafundisha pembe ya kwanza (mtindo ambao mwonekano wa kulia unachorwa kushoto), kompyuta inafunguliwa na kiolezo cha Kimarekani ambacho ni pembe ya tatu (unachorwa kulia), na ile alama ya koni iliyokatwa, inayosema ni mtindo upi, haipo popote kwenye karatasi. Mwonekano wa kulia unakaa kushoto au kulia? Fundi anabahatisha, tundu linatobolewa upande usio wake. Chuma kimeenda.

Watu wa majengo msicheke, zamu yenu hii.

Ngazi. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mm 3000, chumba cha ngazi kina urefu wa mm 2700. Mwanafunzi anachora vidato vinavyoenea: mikono miwili (mipando miwili inayokutana katikati), kila mmoja vimo 7. Mikanyagio 6 ya mm 250 ni 1500, landingi (sehemu bapa ya kugeukia) 1100, jumla 2600, kimeenea, safi kabisa kwenye ramani! Sasa gawa 3000 kwa 14. Kila kidato kina kimo cha mm 214. Bibi atapandaje hapo? Hesabu inaanza na kimo: 3000 kwa 18 ni karibu 167, mkanyagio 280, vimo viwili na mkanyagio mmoja vinatoa 614, mguu wa binadamu unakubali. Kila mkono una mikanyagio 8, ambayo ni 2240, ongeza landingi 1100, chumba kinataka 3340. Maana yake chumba cha ngazi kinapangwa kabla ya sebule, si kubanwa kwenye nafasi iliyobaki. Na hakuna anayechora mkato unaopita kwenye ngazi, kwa hiyo boriti inayogonga kichwa inagunduliwa zege likishakauka.

Kuta nazo mnachora 230 kwa sababu kitabu kilitoka Uingereza. Tofali letu la inchi 6 ni mm 150, ukiongeza lipu mm 15 kila upande ni 180. Kwenye nyumba ya vyumba vinne, hizo 50 za kila ukuta zinahamisha milango.

AutoCAD yenyewe mnayojivunia hamuifundishi. Mwanafunzi anapewa ramani iliyochapwa ainakili, kazi imekwisha. Maandishi ya mm 2.5 kwenye karatasi ya 1:100 yanatakiwa yawe 250 kwenye modeli. Yeye ameweka 10, yakichapwa ni mayai ya chawa. Uchafu mkubwa kuliko wote ni kuandika namba juu ya kipimo: ukuta umechorwa 3587, anafuta, anaandika 3600. Mkadiriaji akipima kwenye faili anapata 3587, fundi akisoma karatasi anapata 3600, na saruji imeshanunuliwa.

Nyongeza: naona hoja kwamba kompyuta za chuo ni za zamani. Sawa, AutoCAD 2007 haifungui faili la muundo wa 2018. Mwanafunzi ahifadhi kwa muundo wa 2007, au alibadilishe kwa DWG TrueView, ambayo ni ya bure. Dakika mbili. Wala k6 haihitaji kompyuta, hata penseli inaiandika.

Anayebisha apige picha mchoro mmoja wa shafti wa mwanafunzi wake wa mwaka wa 3 auweke hapa, wenye tolerensi, alama ya koni na mviringo wa bega. Mmoja tu. Nasubiri.