Elizabeth, Margaret au Matilda: lipi tumpe binti yetu?

BabaMtarajiwa: Habari wanajamvi. Binti yetu anabatizwa Pasaka na tumebaki na majina matatu: Elizabeth, Margaret na Matilda. Mama yake anataka jina ambalo mtoto akikua tutamweleza asili yake. Wajuzi, mnashauri lipi?

Mwalimu_Rungwe: Elizabeth, bila kusita. Ni Elisheba wa Kiebrania, mke wa Haruni (Kutoka 6:23), maana yake "Mungu wangu ni kiapo". Lilipofika Ulaya kila taifa likalifinyanga: Wahispania wakapata Isabel, Wahungaria Erzsébet, Waskoti Elspeth. Tena msiishie kwa mama yake Yohana. Someni habari za Elizabeth wa Hungaria, binti wa mfalme aliyezaliwa 1207. Alifiwa na mume akiwa na miaka 20, akajenga hospitali mjini Marburg na kuwauguza maskini yeye mwenyewe hadi alipofariki 1231. Mwaka 1235 akatangazwa mtakatifu. Mtoto akiuliza, hayo ndiyo ya kumsimulia.

Nyamwiza: Margaret. Linatokana na margarites, yaani lulu kwa Kigiriki. Somo wake anaweza kuwa Margaret wa Scotland, malkia aliyefariki 1093. Na nyumbani mkimwita Lulu, hamjatoka nje ya jina la ubatizo.

Mjukuu wa Misheni: Naona Matilda anaachwa nyuma, si haki. Kwa Kijerumani cha kale, maht ni nguvu na hild ni vita. Ila msiyasome pamoja mkapata "nguvu za vita" mkaogopa. Wajerumani wa kale waliunda majina kwa kuunganisha vipande viwili vyenye heshima, na mara nyingi kipande kimoja kilirudiwa katika ukoo ili watoto wafanane na wazazi. Haikuwa lazima vilete maana moja. Na Mtakatifu Matilda, aliyefariki 968, mama yake Otto wa Kwanza, mfalme wa Wajerumani, anakumbukwa kwa sadaka na kwa monasteri alizoanzisha.

Mwalimu_Rungwe: @Mjukuu hapo kwenye vipande viwili umenifungua macho. Bado kura yangu ni Elizabeth.

BabaMtarajiwa: Asanteni sana wakuu. Mama yake amesoma yote, ameangukia Margaret, na mimi nimekubali. Lulu limemkaa mdomoni tayari.

Dada wa Masjala: Hongereni! Basi kubalianeni tahajia leo hii. Huku kwetu kuna Margaret, Margreth na Magreth, na karani ataandika anavyosikia. Dada yangu cheti cha ubatizo kinasema Margaret, cha kidato cha nne Magreth. Alipoomba kazi ikabidi aende kwa wakili kuandikiwa hati ya kiapo. Liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mmpe karani alinakili.