Nyie wa "apt-get install wvdial", asiye na intaneti ataishusha vipi?

Wakuu, leo nina hasira na sifichi.

Kila nikiuliza jinsi ya kuunga modemu ya USB kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux), jibu ni lilelile: "Mkuu, andika sudo apt-get install wvdial." Haya. Hiyo apt-get, amri ya kusakinisha programu, inavuta wvdial (programu ya kupigia modemu) kutoka wapi? Intaneti. Na mimi natafuta nini? Mtu kashiba bando, anajibu hivyo na kuweka kikatuni cha kucheka juu yake.

Nikapanda daladala Igoma mpaka mjini, kwenye kafe inayohesabu dakika, nikashusha wvdial kwenye flashi. Kurudi nyumbani dpkg, inayosakinisha faili ulizoshusha, ikagoma bila maktaba zake: inataka libuniconf, inataka libwvstreams-base, inataka libwvstreams-extras. Haya, mjini tena. Kijana wa kafe (huyu simlaumu, ana roho nzuri) akanitafutia zote. Kufika nyumbani, kumbe ni za amd64 (biti 64), na kompyuta yangu ni ya biti 32. Nauli ile ningekula sato.

Duka lililoniuzia modemu ndio usiseme. "Weka Windows tu, mzee," wakaendelea kuuza kava za simu.

Sasa kinachonichoma hasa: hiyo wvdial wala haikuhitajika! pppd (inayounga intaneti) na chat (inayoipa modemu amri) vilikuwemo kwenye diski ileile ya kusakinishia. Hamkujua, au mlikuwa mnakopi tu majibu ya wenzenu?

Modemu hizi ukizichomeka zinajifanya CD, ili Windows isome programu yake. Ndiyo maana lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, inaiona lakini /dev/ttyUSB0, mlango wa kuongea na modemu, haipo. Kuigeuza kutoka CD iwe modemu ni kazi ya programu ya usb_modeswitch. Iliyokuja na diski yangu ni ya zamani, haikuitambua modemu hii. Nikaitoa ile CD kwa amri ya eject, ttyUSB zikajitokeza. Baada ya hapo ni faili moja tu ndani ya /etc/ppp/peers: njia ya modemu, noauth (usiudai mtandao ujithibitishe), defaultroute (intaneti ipite hapa), na skripti ya chat inayoweka APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) kwa AT+CGDCONT kisha inapiga ATD*99#. Unaandika pon na jina la faili, imeunga.

Hata hapo, ping ya 8.8.8.8 (kupima kama seva ya Google inafikika) inajibu ila kurasa hazifunguki. Mtaalamu mmoja wa humu akaniambia nibadilishe brauza. Brauza! Kilichokosekana ni usepeerdns, mstari mmoja kwenye faili lilelile, ili pppd ichukue DNS (seva za kugeuza majina ya tovuti kuwa namba) inazopewa na mtandao.

Bado moja linanisumbua. Mawimbi yakikatika ghafla, modemu inazima na kuibuka na namba nyingine, si ttyUSB0 tena, na faili langu linabaki linagonga mlango usio na mtu. Mwenye kanuni ya udev (kinachovipa vifaa majina kwenye Linux) ya kulifunga jina lisibadilike aiweke hapa, nzima, niinakili kwa mkono kama ni lazima. Wa apt-get apite.