"Si alisaini mwenyewe?" Acheni kutetea udhalilishaji kwenye shoo za kamera saa 24

Wakuu,

Kila mshiriki wa shoo hizi za kufungia watu jumbani na kuwarekodi usiku na mchana akidhalilishwa, utetezi ni uleule: alisaini. Haya, tuongelee alichosaini.

Kwa kawaida mkataba unampa mtayarishaji haki ya kutumia picha na sauti yako milele, duniani kote, kwenye chombo chochote kilichopo na kitakachovumbuliwa. Anaruhusiwa kukata, kupanga upya na kukuonyesha vibaya, nawe unaahidi hutashtaki. Ukisimulia yaliyotokea nje ya kamera, unadaiwa fidia. Mtu akiletewa makaratasi hayo siku chache kabla ya kuingia, keshaacha kazi na kuaga kwao, atakataa kwa nguvu gani?

Sasa jumba lenyewe. Vioo vya ukutani ni vya upande mmoja. Nyuma yake kuna ujia anamopita mpiga picha, tena gizani, kwa sababu taa ikiwaka huko anaonekana. Kamera za infraredi, zinazoona gizani, zinamfuata mtu kitandani taa zikishazimwa. Kinasa sauti kipo kifuani, kisambaza mawimbi kiunoni kutwa nzima, na anayekivua anaitwa kwa spika akivae. Kwenye Big Brother Africa ya 2003, washiriki 12 kutoka nchi 12 ndani ya jumba la Johannesburg, hata kuoga kulikuwa kipindi, kina jina lake kabisa: Shower Hour. Bunge la Malawi likapiga kelele kipindi kiondolewe hewani, mahakama ikakirudisha. Ubishi wote ulikuwa juu ya maadili ya mtazamaji. Anayeoga hakuna aliyemtetea!

Na uhariri ndio unaoniudhi zaidi. Saa 24 za kamera chungu nzima zinabanwa kuwa kipindi kimoja cha jioni, kwa hiyo nusu ya sentensi ya Jumatatu inaunganishwa na nusu ya Alhamisi, mtu anatukanwa nchi nzima kwa maneno ambayo hakuyasema. Tazameni mdomo. Sauti ikiendelea huku picha imehamia kwenye uso wa mwingine au kikombe mezani, shukuni. Sikilizeni pia kelele za nyuma: feni inayovuma ikikatika katikati ya sentensi, hapo pameungwa. Hiyo nayo aliisaini?

Hispania, 2017, mshiriki wa Gran Hermano, Big Brother ya kwao, aliitwa kwenye chumba cha maungamo, kile cha kuongea na kamera peke yako, akaonyeshwa video ya tukio la kudhalilishwa kingono alilofanyiwa usiku. Aliomba wasimamishe, na kamera ya chumba ikaendelea kumrekodi akilia. Wadhamini walianza kukimbia 2019, video ilipovuja. Watayarishaji walikuwa na rekodi ya yaliyotokea kwenye mashine zao miaka miwili.

Uingereza angalau Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, iliongeza masharti Aprili 2021: kituo kiangalie ustawi wa mshiriki na kumweleza hatari kabla hajakubali. Kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na Tume ya kuisimamia ipo. Kenya wana yao ya 2019 inayomruhusu mtu kuondoa ridhaa wakati wowote, ila kilichokwisha kufanyika kabla hakiguswi, na kazi za sanaa zimeachiwa mwanya. Watayarishaji watapita papo hapo.

Tunachotakiwa kudai hakihitaji teknolojia mpya. Bafuni na chooni kusiwe na kamera wala maikrofoni. Mshiriki awe na neno moja la kusimamisha kurekodi, na likitajwa, waliopo chumba cha udhibiti wazime, wasisubiri ruhusa ya bosi. Mshauri nasaha asiwe mwajiriwa wa uzalishaji. Mkataba usomwe na wakili wa mshiriki, wiki mbili kabla.

Na mama mzazi, mpenzi wa zamani, jirani anayesemwa mle ndani kwa jina lake? Hao hawajasaini chochote.

Mwenye mkataba wa shoo yoyote ya hapa nyumbani, afiche majina, aweke hapa kifungu cha matumizi ya picha tukisome.