Mjadala: Kipi hutangulia, sheria ya kumzuia mtawala au mali ya raia?

Mwanzisha mada

Wakuu, naweka hoja mezani. Wapo wengi wanaoamini kuwa siasa ni ya wanasiasa na uchumi ni wa wachapakazi: watu wakijituma nchi itatajirika, atawale anayetawala. Napinga. Namna mtu anavyoweka akiba, anavyokopesha, hata anavyoficha mali yake, hutegemea jibu la swali moja: mwenye madaraka akiamka kesho na kuitaka mali hiyo, yupo wa kumzuia?

Tazameni Uingereza. Mwaka 1672 Mfalme Charles II alisimamisha malipo ya madeni aliyodaiwa na wafua dhahabu wa London, ambao ndio waliofanya kazi ya benki enzi hizo. Baadhi yao walifilisika. Yakaja mapinduzi ya 1688 yaliyomwondoa Mfalme James II, na mwaka uliofuata sheria ikamkataza mfalme kutoza kodi bila idhini ya Bunge. Mwaka 1694 Benki ya Uingereza ilianzishwa kwa kuikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Kufikia miaka ya 1730, serikali ilikuwa inakopa kwa karibu asilimia 3. Si kwamba wenye fedha waliingiwa na huruma. Deni sasa lilidhaminiwa na kodi zilizopitishwa na Bunge, na ndani ya Bunge hilo walikaa watu wenye maslahi katika kulipwa. Hofu ilipungua, riba nayo ikashuka.

Hofu hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atajenga kiwanda cha kumlipa baada ya miaka 30, au atanunua mzigo, auze, aondoke. Mwenye hofu hushika mali nyepesi kubeba na rahisi kuficha. Humtafuta mkubwa wa kumkingia kifua kabla hajamtafuta mteja. Anapiga hesabu sahihi katika mazingira mabovu. Ndiyo maana nakerwa sana na wanaowalaumu raia kwamba ni wavivu au hawana utamaduni wa kuwekeza.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeanzia katikati. Hao waliombana mfalme nguvu walizitoa wapi? Biashara ya kuvuka bahari ya Atlantiki ilikuwa imewatajirisha wengi wao kabla ya 1688. Maskini hambani mfalme.

Njoo Korea Kusini. Park Chung-hee aliingia madarakani kwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1961 na akatawala hadi alipouawa mwaka 1979. Viwanda vilijengwa chini yake, wala hakuwa mtu wa kubembeleza wapinzani. Wananchi walirudishiwa haki ya kumchagua rais moja kwa moja mwaka 1987, wakati tayari kulikuwa na wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi na tabaka la kati la kutosha kujaza barabara. Mali ilitangulia, katiba ikafuata.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnazungumza kama vile mabadiliko huanzia kwa wabunge, majenerali na matajiri tu.

Mwaka 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui nchini China, walitia alama za vidole kwenye karatasi ya siri: mashamba ya jumuiya yagawanywe kwa kaya, na kila kaya ibaki na ziada baada ya kutoa sehemu ya serikali. Lilikuwa kosa kubwa. Walikubaliana kwamba viongozi wao wakikamatwa, waliobaki watawalea watoto wao hadi wafikishe miaka 18. Mavuno yakapanda, baadhi ya maofisa wakafumba macho, baadaye sera ya taifa ikafuata njia hiyohiyo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, jumuiya za kilimo zilikuwa zimevunjwa.

Na Zimbabwe je? Mwaka 2008 watu waliikimbia sarafu yao iliyoyeyuka kwa mfumuko wa bei, wakafanya biashara kwa fedha za kigeni. Mwaka 2009 serikali iliruhusu rasmi kile ambacho sokoni kilishakuwa kawaida.

Mwanzisha mada

Mfano wa Xiaogang ni mzito, na mimi nauona upande wangu. Ardhi ilikuwa ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni nani anabaki na ziada. Tena bila maofisa waliofumba macho, wale 18 wangeishia jela na tusingewajua. Raia anaweza kusukuma, lakini mlango ukikazwa kwa ndani, gharama ya kusukuma anailipa yeye.

Kuhusu Korea Kusini, hesabu haianzi 1961. Mageuzi ya ardhi ya mwaka 1950 yalikuwa yameshawavunja nguvu makabaila na kuwapa wakulima mashamba. Park aliikuta nchi isiyo na tabaka la wenye ardhi la kumkwamisha. Mageuzi hayo ya ardhi yalikuwa uamuzi wa kisiasa, na yalitangulia viwanda.

Ya Atlantiki yasiishie njiani. Mwaka 1698 Bunge lilelile lililomdhibiti mfalme liliifutia Royal African Company, kampuni yenye kibali cha mfalme, ukiritimba wa biashara ya Afrika, likawafungulia wafanyabiashara wengine. Biashara ya watumwa ikakua. Yaani mali ya waliokuwa na sauti bungeni ililindwa, na Waafrika wakageuzwa kuwa mali hiyo. Kwa hiyo mtu akinisifia taasisi imara, kwanza namuuliza: imara kwa ajili ya nani?

Nikurudie, mchangiaji wa kwanza. Venice, mji wa Italia uliojitawala enzi hizo, ilitajirika kwa mikataba iliyomruhusu kijana asiye na kitu kusafiri na mtaji wa tajiri na kugawana faida, mara nyingi robo yake ikiwa ya kijana. Wengi walipanda kwa njia hiyo hadi kwenye Baraza Kuu, chombo kilichoutawala mji huo. Kisha mwaka 1297, biashara ikiwa imestawi, familia zilizokwishaingia zilianza kulifunga Baraza, na viti vikawa vya kurithishana. Kama mali huleta katiba yenyewe, kwa nini matajiri wa Venice waliitumia mali yao kuwazuia wenzao wasiingie? Nijibu hilo kwanza ndipo tuendelee.