Kihamba cha ekari moja na nusu: nianze na mtamba au mbuzi wa maziwa?

Binti wa Kibosho

Habari zenu ndugu wafugaji, na shikamooni wakubwa wote. Nimerudi Kibosho, Kilimanjaro, kumtunza mama baada ya baba kufariki, na kihamba, yaani shamba letu linalozunguka nyumba, sasa kiko mikononi mwangu. Ni ekari moja na nusu hivi, yenye mibuni ya zamani aliyoiacha baba, migomba ya aina za mchare na kisukari, magimbi kandokando ya mfongo (mfereji wetu wa maji), miparachichi michache, na masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Banda la ng'ombe limekaa tupu kwa miaka mingi, na ninaamini hapo ndipo yalipoanzia mengine ninayoyaona: mikungu imekuwa midogo, migomba huanguka kwa upepo mdogo tu kabla ndizi hazijakomaa, na majani ya mibuni yana rangi ya njano. Huko tambarare tuna shamba la ekari moja tunalolima mahindi na maharage wakati wa masika.

Fedha niliyonayo inatosha kununua mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) mmoja chotara mwenye mimba, au mbuzi wawili wa maziwa pamoja na kuku wa kienyeji wa kuanzia. Mama na majirani wote wanataka ng'ombe. Mimi ninasita, kwa sababu maji ya mfongo tunayapata kwa zamu, asubuhi ninafundisha shuleni, na wa kukata majani ni mimi na kibarua anayekuja siku chache kwa wiki. Naomba mliofuga katika eneo dogo mnieleze ni kipi kitangulie, na kama kweli mnyama mmoja anaweza kukirudishia kihamba hiki nguvu yake.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba binti, na pole sana kwa msiba wa mzee. Kabla hujachagua mnyama, nakusihi upime majani. Ng'ombe chotara mwenye kilo 400 anahitaji kwa siku chakula kikavu kinachofikia asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12, na kwa kuwa sehemu kubwa ya matete (majani ya tembo) mabichi ni maji, kilo hizo 12 ni mzigo wa kilo 60 hivi za matete yaliyokatwa leo. Mzigo huo unatakiwa kila siku, iwe mvua, iwe jua, iwe sikukuu au mazishi. Akianza kukamuliwa atahitaji pia lita 60 za maji au zaidi, na akiyakosa maziwa hupungua mara moja hata kama hori limejaa. Kwa kawaida sisi wagani huhesabu nusu ekari hadi ekari nzima ya matete yaliyotunzwa vizuri kwa ng'ombe mmoja, na kihamba chako, chenye mibuni na migomba tayari, hakina nafasi hiyo.

Wazee wetu walifuga ng'ombe humo humo kwa sababu hawakutegemea kihamba peke yake kumlisha. Baada ya mavuno walipandisha mabua na maganda ya maharage kutoka tambarare, wakakata majani kingoni mwa mifongo, na migomba iliyokwisha kuvunwa ikajaziliza palipopungua. Samadi nayo ilirudi kwenye mashina, na hivyo ndivyo mfumo huu ulivyodumu hata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikautambua mwaka 2011, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Lakini kuhusu migomba kama chakula ningependa nieleweke vizuri, maana wakati wa kiangazi ninaona mabanda mengi ambayo ng'ombe hapewi kingine. Shina la mgomba ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi, na protini yake ni kidogo mno. Linapunguza kiu, halileti maziwa, wala halimlei ndama aliye tumboni.

Kwa upande wa protini, panda kaliandra, mti wa malisho, kwa ndani ya mstari wa masale, na masale yenyewe usiyaguse. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hukaribia protini iliyo katika kilo 1 ya chakula cha dukani, na miti 500 huhesabiwa kuwa inamtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka. Ukiipanda kwa nafasi ya nusu mita utahitaji mstari wa mita 250, na mzunguko wa kihamba cha ukubwa wako kwa kawaida unazidi hapo. Matete yapande kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko na kingo zote za shamba la tambarare. Fanya hayo kwanza, mtamba asubiri mwaka mmoja.

Mfugaji wa Mgeta

Salaam dada. Huku kwetu milimani Uluguru, ambako mashamba yana miteremko mikali, tunafuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walioletwa kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine katika miaka ya 1980, na kwa mtu mwenye majani machache ningewapendekeza bila kusita. Mbuzi mwenye kilo 45 hula chakula kikavu kisichofika kilo 2 kwa siku, kwa hiyo hao wawili hawatamaliza hata theluthi ya kile alichokitaja mzee kwa ng'ombe. Mbuzi jike aliyelishwa vizuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na mimba yake ni miezi mitano tu, tofauti na miezi tisa ya ng'ombe.

Banda lao liinuliwe kutoka ardhini, sakafu iwe ya mbao zenye upenyo unaopitisha kinyesi lakini usionasa kwato, na upande unaokabili upepo uzibwe, kwa sababu baridi na unyevunyevu huwaletea nimonia. Dume asiwe ndugu yao; sisi hubadilishana madume baina ya kaya. Nakuomba pia usiwaachie kihambani kwa hali yoyote, kwani mbuzi hubandua magome ya miti, na miche ya kahawa haitapona.

Mama wa Marangu

Nimesoma maelezo ya wote wawili kwa heshima, ila ninaona swali la migomba limeachwa nyuma, wakati binti yetu alianzia hapo. Mbuzi wawili watatoa maziwa ya chai na samadi nzuri, lakini ni kidogo mno kwa ekari moja na nusu. Ng'ombe mkubwa hutoa kilo 20 na zaidi za kinyesi kibichi kwa siku, na shina moja la mgomba linataka debe moja au mawili ya samadi iliyoiva kila mwaka. Kwa hiyo ng'ombe anahitajika, na mzee ana haki kusema majani hayajawa tayari. Njia ipo katikati: nunua ndama jike aliyekwisha kuachishwa maziwa badala ya mtamba. Akiwa na kilo 100 anakula robo ya mzigo wa ng'ombe mkubwa, anakua pamoja na matete yako, na fedha itakayobaki itajenga sakafu ya zege yenye mteremko na shimo la kukinga mkojo. Mkojo usipotee, kwa sababu ndimo iliko sehemu kubwa ya potasiamu, na mgomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Rundo la samadi lifunikwe kwa majani ya migomba ili jua na mvua visiliharibu. Kama fedha haitoshi, uliza ndani ya ukoo kama kuna mtu wa kukuwekea ng'ombe kwa utaratibu wetu wa zamani, ambapo anayefuga hupata maziwa na samadi, na mwenye mali hubaki na mali yake.

Hata hivyo, migomba inayoanguka si ya njaa peke yake. Ukate tunguu (kitako kilicho ardhini) la mmoja ulioanguka. Ukikuta vijia vyeusi vilivyotobolewa ndani yake, wamo fukusi, wadudu wanaotoboa migomba. Samadi pekee haitawaondoa. Machipukizi mapya yamenywe mizizi na sehemu zote zenye madoa, yatumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha yapandwe mahali pengine, na kila shina libaki na migomba mitatu tu: mama, binti na mjukuu.

Kuku anza nao hata mwezi huu, mradi wapewe chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) iitwayo I-2, tone moja jichoni, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa huo hauna tiba ukishaingia, kwa hiyo zungumza na majirani mchanje siku moja.

Binti wa Kibosho

Nawashukuru sana. Mama amekubali wazo la ndama. Naomba tu kujua kaliandra na matete vipandwe lini, na vipandwe vipi.

Bwana Shamba Mstaafu

Nami ninaliunga mkono wazo la ndama. Mbegu za kaliandra ziloweke kwenye maji baridi kwa saa 48, uzisie kitaluni mwezi Novemba, ili miche iwe tayari kuhamishiwa mpakani masika yanapoanza mwezi Machi. Usiikate kabla haijatimiza miezi tisa, na utakapoikata uache kimo cha mita moja. Matete yapandwe masika hayo hayo kwa vipande vyenye pingili tatu, mbili zikiwa ardhini na kipande kikiwa kimeinama. Vipande vichukue kwenye shamba lisilo na matete yaliyodumaa au yenye majani ya njano, maana ugonjwa wa kudumaa husafiri kwa vipande vya kupandia. Yakifika urefu wa mita moja, katika mwezi wa tatu au wa nne, anza kuyakata, na kila unapokata rudishia samadi siku hiyo hiyo.