Mjadala: Mshtakiwa mwenye ulemavu wa akili apimwe vipi kabla ya kujibu mashtaka?

Mleta mada, Ilemela

Ndugu zangu, anayehudhuria mahakama zetu hapa Mwanza huyazoea maneno mawili kuliko mengine yote: "Ni kweli." Shtaka husomwa, mshtakiwa akasema ni kweli, maelezo ya kosa husomwa, akasema tena ni kweli, na shauri likaisha kabla ya saa nne asubuhi. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu mwenye ulemavu wa akili maneno hayo hayathibitishi lolote, kwa kuwa amejifunza tangu utotoni kwamba kumkubalia mkubwa ndiyo njia ya kuepuka kufokewa.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu hakimu kuchunguza kama mshtakiwa ana akili timamu ya kuweza kujitetea. Lakini utaratibu wake umejengwa juu ya ugonjwa wa akili. Pale mahakama inapotaka kujua hali ya mtu wakati wa tendo, hupelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, na jina linalotajwa ni Isanga, kule Dodoma, ambako daktari hupewa siku 42 kuandika taarifa. Mgonjwa akipata dawa anaweza kurudi kizimbani akiwa mtu mwingine kabisa. Ulemavu wa akili hauna dawa. Alivyo leo ndivyo atakavyokuwa mwakani. Ukimwambia akae ndani mpaka apone, umemfunga maisha bila kumhukumu.

Wamarekani walilikuta jambo hili kwa Theon Jackson wa Indiana, kiziwi asiyesema na mwenye ulemavu wa akili, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa mali ambayo jumla yake ilikuwa dola 9. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu hawezi kuzuiwa bila kikomo kwa sababu tu hana uwezo wa kujibu mashtaka. Sisi tunasubiri nini?

Mchangiaji wa kwanza, wakili, Nyamagana

Mleta mada, nakuunga mkono nusu tu. Unakiona kipimo kuwa kinga, nami nimeanza kukiogopa kuliko kesi yenyewe. Marlon Noble wa Australia alishtakiwa mwaka 2001, akatangazwa mwaka 2003 kuwa hawezi kujibu mashtaka, kisha akakaa gerezani zaidi ya miaka 10 bila ushahidi dhidi yake kupimwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ilisema mwaka 2016 kwamba haki zake zilivunjwa. Mteja wangu akisema "sikufanya", nani anampa daktari mamlaka ya kumziba mdomo? Kifungo cha miezi sita, kwa ubaya wake wote, kina tarehe ya kutoka.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa elimu maalum

Wakili, shikamoo, ila kwa hilo la miezi sita sikubaliani nawe. Kijana niliyemfundisha zamani sasa anabeba ndoo za dagaa mwaloni Kirumba. Ukimuuliza hakimu ni nani, atakujibu bila kusita, "Ndiye anayehukumu," kwa sababu nilimkaririsha mimi mwenyewe. Ukimuuliza hakimu akisema miezi sita utalala wapi usiku wa leo, atakujibu, "Nyumbani, kwa mama." Kipimo kinachoishia kwenye swali la kwanza kitampitisha, na hapo ndipo wataalamu wengi hudanganyika.

Kipo kipimo cha Marekani kilichochapishwa mwaka 1992 mahsusi kwa watu hawa, chenye maswali 50. Maswali 40 ni ya kuchagua jibu, na 10 ya mwisho humtaka mshtakiwa aeleze kwa maneno yake kilichotokea. Mimi ningeanza na hayo 10, maana hawa watoto wetu (nawaita watoto hata wakiwa na ndevu, mnisamehe) huchagua jibu lililosomwa mwisho. Tena aulizwe kwa Kisukuma au Kikerewe ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani kwake, maana mtu asiyeelewa Kiswahili cha mahakamani si lazima awe na ulemavu wowote.

Mleta mada, Ilemela

Mwalimu umenisogeza, na Wakili pia. Basi nairekebisha hoja yangu: mshtakiwa apimwe hapahapa mkoani, na daktari akiwa pamoja na mwanasaikolojia, afisa ustawi wa jamii na mtu aliyemfundisha au kumlea, kwanza aelezwe kesi kwa maneno mepesi, kisha aulizwe tena baada ya siku kadhaa. Akishindwa bado, upande wa mashtaka ulete ushahidi wake ndani ya muda uliowekwa, na ushahidi usipotosha aachiwe aende kwao.

Mchangiaji wa kwanza, wakili, Nyamagana

Na ukitosha?

Mleta mada, Ilemela

Hapo, Wakili, ndipo ninapokwama. Gereza nalikataa. Kumrudisha kwa mama yake mwenye umri wa miaka 70, katika mtaa uleule wanakoishi waliomshtaki, nako nakuogopa. Mwenye jibu alilete.