Chianti, Barbera au Montepulciano d'Abruzzo: mvinyo upi kwa lasagne na nyama ya kondoo?

Binti_Bologna
Habari za jioni, wanajukwaa. Jumamosi nina wageni 6 hapa nyumbani Bologna. Kwanza nitaandaa lasagne yenye mchuzi wa nyama na nyanya, kisha mishkaki ya kondoo. Dukani nimeona mvinyo mwekundu wa aina tatu unaolingana kwa bei, nao ni Chianti, Barbera d'Asti na Montepulciano d'Abruzzo. Ningependa kununua aina moja tu itakayotosha kwa mlo mzima. Mnanishauri nini?

Mpishi_Torino
Dada, mimi ningechukua Barbera bila kusita. Zabibu hii ya Piemonte ina uchachu mwingi na ukakasi kidogo, na mbele ya nyanya uchachu ndio unaohitajika, kwa sababu nyanya yenyewe ni chachu na mvinyo uliopungukiwa na uchachu huonekana umepooza ukinywewa baada yake. Jaribu mwenyewe: lamba kijiko cha mchuzi wako, kisha onja mvinyo laini wowote, utadhani umetiwa maji. Angalia tu kwamba chupa utakayonunua si ya ule uliokaa muda mrefu katika mapipa madogo ya mwaloni, maana mbao nazo huongeza ukakasi.

Mzee_wa_Pescara
Kwa lasagne nakubaliana na ndugu yangu, lakini mishkaki ameiruka. Kule Abruzzo nilikoishi miaka mingi kuna arrosticini, vipande vya nyama ya kondoo vyenye upana wa sentimita moja hivi, vinavyochomekwa kwenye vijiti na kuchomwa juu ya jiko la makaa lililo refu na jembamba kama mfereji. Hutiwa chumvi tu. Mafuta yanapodondoka na moshi kupanda, watu huvuta nyama kijitini kwa meno huku glasi ya Montepulciano iko mkono wa pili. Ni mvinyo wa rangi nzito, wenye mwili, yaani uzito mdomoni, na ukakasi wa wastani, na mafuta ya kondoo hayaufuniki.

Tahadhari moja: Montepulciano ni jina la zabibu, na pia ni jina la mji wa Toscana. Vino Nobile di Montepulciano hutoka katika mji huo na hutengenezwa hasa kwa zabibu ya Sangiovese, kwa hiyo ni mvinyo tofauti kabisa, na mara nyingi ni ghali zaidi. Soma lebo hadi neno la mwisho.

Mkazi_wa_Firenze
Naona Chianti imekosa wakili. Sangiovese, zabibu yake kuu, ina uchachu wa kukabili nyanya na ukakasi wa kukabili nyama, yaani sifa mbili ambazo wenzangu wanazigawa katika chupa mbili. Ukiinywa peke yake itakukausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea; ukiinywa na nyama, protini hushikamana na tanini, yaani vile viini vinavyoleta ukakasi, na ule ukavu hulegea. Ndiyo maana hapa kwetu huandamana na bistecca alla fiorentina, ile nyama nene ya ng'ombe inayoliwa ikiwa bado nyekundu ndani.

Hata hivyo, Chianti hazilingani. Ya kawaida inatakiwa kuwa na Sangiovese isiyopungua asilimia 70, na Chianti Classico, yenye nembo ya jogoo mweusi, isiyopungua 80. Kwa bei inayolingana na hizo nyingine mbili huenda ukapata ya kawaida iliyo nyepesi kuliko ninayoisifu, na hapo siwezi kumpinga Mzee.

Binti_Bologna
Shikamoo, Mzee, na asanteni nyote. Nilisahau kusema kwamba wageni wangu wawili hawali bila pilipili, nami nimepanga kuipaka kwenye mishkaki.

Mzee_wa_Pescara
Marahaba, binti yangu. Usiipake, iweke pembeni kwenye kibakuli, kila mtu ajihudumie. Kileo huzidisha muwasho wa pilipili, na ukakasi huongeza ukali mdomoni. Kwa hao wawili tafuta Cerasuolo d'Abruzzo, unaotokana na zabibu ileile ya Montepulciano lakini una rangi ya cheri kwa kuwa maganda hukaa na maji ya zabibu kwa muda mfupi. Huo hunywewa ukiwa baridi.

Mpishi_Torino
Hata Barbera isiachwe juu ya kabati karibu na jiko. Itie kwenye friji dakika 20 kabla ya kuifungua, kwani ikipata joto kileo hutangulia puani na utamu wa matunda hupotea.

Binti_Bologna
Basi wazo la aina moja nimeliacha. Nimechukua Barbera mbili za lasagne, Montepulciano moja ya mishkaki na Cerasuolo moja ya wapenda pilipili. Chianti nitainunua siku nitakayopika nyama ya ng'ombe, nayo itakuwa ya jogoo.

Mkazi_wa_Firenze
Siku hiyo usisahau kunialika.